Jinsi Ngurumbe Ilivyopunguziwa Umbali

Nchi ninayotaka kuisimulia ina jina zuri sana, ila sheria yake inamtaka kila mtu asimame wima jina hilo linapotajwa, nami sipendi kumsumbua msomaji ambaye amekwisha kuketi. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya amani, yenye bendera mbili, moja ya siku za kazi na nyingine ya sikukuu, na serikali inayowapenda wananchi wake kiasi cha kuwafikiria hata pale ambapo hawajaomba kufikiriwa.

Watu wake wamelelewa vizuri. Katika malezi yao liko jambo moja ambalo mgeni hana budi kulifahamu mapema, asije akaonekana hana adabu: kule hakuna namba inayokubaliwa kama ilivyotajwa mara ya kwanza. Kuikubali namba ya kwanza ni kumdharau aliyeitaja, kana kwamba hukumwona anastahili hata maneno mawili. Sokoni watu hupatana bei, kama kwingineko. Lakini kule hupatana pia hospitalini. Daktari akisema homa ya mgonjwa ni nyuzi arobaini, mama wa mgonjwa humjibu kwa heshima, "Daktari, sisi ni watu wa hapa hapa, tufanyie thelathini na nane," na daktari mwenye utu huandika thelathini na nane na nusu. Mwalimu hupatana na mzazi juu ya alama za mtoto. Fundi cherehani hupatana na mteja juu ya ukubwa wa kiuno, na ndiyo maana wananchi wa nchi ile hutembea wamejibana pumzi. Hata hakimu asiyepunguza mwezi mmoja wa kifungo husemwa mitaani kuwa hakupata malezi.

Katika nchi hiyo ndimo alimorejea Dakta Fikirini Mwalungo kutoka masomoni ng'ambo, akiwa na miwani mipya na lahajedwali.

*

Lahajedwali, kwa wasiolijua, ni jedwali la kwenye kompyuta lenye mistari na safu zinazokutana na kufanya visanduku vidogo vidogo. Katika kila kisanduku unatia namba. Dakta Fikirini alikuwa ametengeneza la kupangia safari za mizigo ya taifa zima. Ukiliambia una magunia mangapi, malori mangapi, na umbali kati ya mzigo na kila wilaya, kisha ukaliandikia masharti yako, linapima mipango yote inayowezekana na kukuchagulia ule wenye gharama ndogo kuliko yote. Kisha linatoa amri: lori hili liende huku, lipewe mafuta kiasi hiki, lishushe magunia kadhaa.

Waziri wa Ugawaji na Upelekaji, Mheshimiwa Sefu Makorongo, alilipenda tangu siku ya kwanza. Alipenda hasa kwamba namba zilizopungua zilijigeuza rangi ya kijani. Akaagiza lichapwe lote kwenye karatasi ili Baraza la Mawaziri lilione. Karatasi hizo zilipogundishwa pamoja zikaujaza uwanja wa mpira, na Baraza likapanda jukwaani kulitazama kwa darubini. Bendi ya polisi ikapiga wimbo wa taifa. Wilaya mbili ambazo visanduku vyake viliangukia kwenye dimbwi la golikipa ziliandika malalamiko.

Jambo la kwanza lililogunduliwa na Jedwali ni kwamba ghala lenye kitu ndani ni hasara. Kitu kikikaa ghalani hulindwa, huhesabiwa, hufukuziwa panya. Kisipokuwepo hakina gharama yoyote. Ukatoka waraka kwamba wilaya zote zimalize akiba zao za mbegu za mahindi kabla ya msimu, kwa kuwa mbegu mpya zitapelekwa kwa mpango ulio bora kuliko mipango yote. Wananchi ni watiifu. Huko Ngurumbe, wilaya iliyoko mlimani mwisho kabisa wa barabara ya kusini, mbegu zilisagwa, zikapikwa ugali, zikaliwa. Mkuu wa Wilaya, Bi Mwanaheri Kisoki, alisimama mbele ya wakulima akawaahidi kwa kinywa chake kwamba mbegu nyingine zitawafikia kabla ya mvua.

"Mama, tunakula kesho yetu," alisema Mzee Ngoda, mwenyekiti wa wakulima, huku akinawa mikono.

"Kula, Mzee wangu. Zikichelewa, mje mnile mimi."

Wakaendelea kula. Mashamba yalikuwa yamekwisha kulimwa, na gulioni watu walikuwa wameanza kutazama mawingu kuliko kutazamana.

*

Siku ya kupanga malori, Kamati ya Ugawaji iliketi. Dakta Fikirini akafungua Jedwali ukutani, akaonyesha kwa kijiti kisanduku cha Ngurumbe.

"Umbali kati ya mzigo na wilaya," alisoma, "ni kilomita mia tatu na kumi na mbili."

Ukumbi ukaguna. Mheshimiwa Makorongo akaegemea kiti, akavua saa yake, akaiweka mezani, kama afanyavyo mtu anayejua kwamba mazungumzo yatachukua muda.

"Dakta, mia tatu na kumi na mbili unamwambia nani? Mimi nimezaliwa nchi hii. Nipe hamsini."

"Mheshimiwa, huo ni urefu wa barabara. Ulipimwa."

"Kila kitu hupimwa, na kila kitu hupungua. Hata mimi nilipimwa juzi kwa fundi. Hamsini."

"Haiwezekani, Mheshimiwa. Mia tatu na kumi na mbili ndiyo hali halisi."

Wajumbe wakatazamana kwa aibu, kama watu walioshuhudia kijana wa jirani akijibu vibaya. Katibu Mkuu akamwinamia Dakta Fikirini na kumnong'oneza kwamba ukaidi wa namna ile ulipata kumfikisha mtu kwenye Idara ya Minara ya Taa, nayo nchi haina pwani. Dakta akafuta miwani yake.

"Basi, kwa heshima yako, Mheshimiwa, mia tatu."

"Sasa unaongea. Sabini."

"Mia mbili na themanini. Nimekwisha kuondoa daraja zima."

"Lipi?"

"La Mto Kivuge."

"Lile bovu lile? Unaniondolea kitu kibovu halafu unataka nikushukuru? Tisini, na uniongezee mteremko mmoja."

Dakta akatikisa kichwa. Mheshimiwa Waziri akasimama, akachukua kofia yake, akaelekea mlangoni polepole sana, kwa hatua za mteja anayengoja kuitwa. Alipoushika mlango, bado hajaitwa. Akaukagua mlango. Akasifu kitasa chake. Akauliza kwa sauti kilitengenezwa wapi.

"Rudi, Mheshimiwa," Dakta alisema kwa unyonge. "Rudi tuelewane. Mia moja na ishirini, na hapo mimi sipati kitu."

"Andika."

Kisanduku kikaandikwa 120, kikageuka kijani. Jumla ya gharama za taifa ikashuka hapo hapo, na wajumbe wakasimama wakapiga makofi. Mheshimiwa akatoa hotuba fupi, akasema kwamba wakoloni walikaa nchini miaka mingi wasiipunguze barabara ile hata kwa hatua moja, lakini serikali ya wananchi, kwa kikao kimoja tu na chai isiyo na vitafunwa, imeisogeza Ngurumbe karibu na moyo wa taifa. Gazeti la serikali liliandika hotuba yote, pamoja na makofi.

*

Malori yakaondoka na mbegu, yakiwa na mafuta ya kilomita mia moja na ishirini, kama Jedwali lilivyoamuru. Yalipofika kilomita ya mia moja na ishirini, mafuta yakaisha, na msafara ukasimama katikati ya uwanda wa changarawe na miiba, mahali ambapo mbuzi tu ndio waliopata kupaona, nao hawakupenda.

Msafara ulikuwa chini ya Bwana Kitwana Pazi, Karani Mkuu wa Upokeaji, mtu mnyofu aliyekuwa na tai hata kwenye vumbi. Bwana Pazi aliusoma waraka: mzigo unashushwa wilayani, na wilaya iko kilomita mia moja na ishirini. Akatazama kipima umbali cha lori, akaona kilomita mia moja na ishirini. Akashusha magunia, akayafunika kwa turubai, akachomeka kibao kilichoandikwa KARIBU NGURUMBE. Kisha akaketi kwenye meza yake akasubiri wenyeji waje kumpokea, akisikitika moyoni kwamba watu wa wilaya ile hawana ukarimu.

Alipochoka kusubiri, akapiga simu.

"Mama Mkuu wa Wilaya, pokea salamu za Wizara. Mbegu zimekwisha kufika Ngurumbe."

Bi Mwanaheri alitoka nje ya ofisi yake na simu sikioni. Akatazama barabara. Akaona kuku.

"Zimefika wapi, Bwana Pazi?"

"Hapa Ngurumbe, Mama."

"Mimi ndiye niliye Ngurumbe."

"Hapana, Mama, samahani. Mimi ndiye niliye Ngurumbe, na kibao kipo. Wewe uko wapi?"

Bi Mwanaheri aliwatazama tena wale kuku. Alikuwa ameitumikia serikali muda mrefu, akajua kwamba swali hilo halina jibu moja.

"Niko njiani," alisema.

*

Walishuka mlimani na punda wote wa wilaya, yeye na Mzee Ngoda na wakulima wengi, gari la Mkuu wa Wilaya likiwabebea maji, kwa safari iliyowachosha hata waliokuwa wakijisifu miguu. Mawingu yaliwafuata nyuma kama mdai. Walipokifikia kile kibao, Bwana Pazi alisimama akafunga kifungo cha koti.

"Karibuni nyumbani," alisema.

Hakuwa mtu wa hila. Alimpa Bi Mwanaheri karatasi ya kupokelea, Bi Mwanaheri akaitia sahihi, wakapeana mikono, na mbegu zikawa mali ya wananchi wa Ngurumbe. Mzee Ngoda akalinyanyua gunia la kwanza akalitupia mgongoni mwa punda.

"Mnazipeleka wapi hizo, Mzee?" Bwana Pazi aliuliza.

"Ngurumbe, mwanangu."

"Mbona zipo Ngurumbe."

"Ngurumbe ya juu."

"Jedwali lina Ngurumbe moja tu, Mzee, na umeikanyaga. Kuziondoa hapa ni kuzitoa nje ya wilaya, na mbegu hazitoki nje ya wilaya bila kibali. Na kibali hutolewa baada ya mavuno, ili tuhakikishe kwamba mbegu zilipandwa ndani ya wilaya."

Mzee Ngoda aliukung'uta mguu wake, changarawe zikaruka. "Unataka tupande hapa?"

"Mimi sitaki lolote, Mzee. Mimi napokea na kulinda."

"Hapa hata mwiba umeota kwa kulazimishwa."

"Ndiyo ardhi yenu hiyo, Mzee. Mtu haitukani ardhi yake."

Punda akalitua gunia. Askari wawili waliokuja na msafara walisogea, si kwa ubaya, bali kwa kuwa ndiyo kazi yao. Bi Mwanaheri alimvuta Bwana Pazi pembeni.

"Kibali hiki kinahitajika kwa safari ya umbali gani?"

"Umbali wowote, Mama. Hata kilomita moja ni safari."

"Na kutokwenda popote?"

Bwana Pazi aliufungua waraka akausoma mbele na nyuma, kisha akautazama upande wa pembeni. "Kutokwenda popote hakukutajwa," alikiri.

Bi Mwanaheri akawaambia wakulima wapumzike na punda wasifunguliwe. Kisha akachukua gari lake na kushuka mjini.

*

Kamati ilipomwona mlangoni ikajiandaa kwa shari. Mheshimiwa Makorongo alikuwa na habari kwamba wakuu wa wilaya za mbali ni watu wasio na shukrani.

"Kama umekuja kutaka kilomita zako zirudi," alisema, "rudi ulikotoka. Serikali hii haijapata kuongeza namba tangu uhuru."

"Mungu apishe mbali, Mheshimiwa," Bi Mwanaheri alijibu, akaketi bila kualikwa, akaweka mkoba magotini. "Nimekuja kulalamika kwamba mmetuuzia ghali."

Mheshimiwa akaivua saa yake, akaiweka mezani.

"Ghali vipi?"

"Mia moja na ishirini kati ya mzigo na wilaya, kwa watu waaminifu kama sisi? Mheshimiwa, mbegu nimezipokea kwa sahihi yangu, karatasi ninayo. Mtu na mali yake wanatenganishwaje na kilomita mia na ishirini? Nipe sifuri."

Dakta Fikirini akaruka kitini. "Mheshimiwa, umbali ukiwa sifuri, Jedwali halitaipa Ngurumbe mafuta. Hakuna gari la serikali litakalopewa hata tone la kwenda kule."

"Hata tone," Mheshimiwa alirudia, kwa sauti ya mtu anayeonjeshwa asali. "Umesikia, Mama? Hiyo si akiba ndogo. Lakini siwezi kukupa bure tu mbele za watu. Themanini."

"Moja."

"Mama, una moyo mgumu. Arobaini, kwa sababu ya mvua."

"Moja, Mheshimiwa, na hiyo moja naitaja kwa kukuheshimu. Nikifika nyumbani sitathubutu kuwaambia."

"Kumi. Naipoteza barabara nzima hapo."

"Sifuri."

"Mbona ulikuwa kwenye moja?"

"Nimekumbuka uzito wa magunia."

Wajumbe walianza kujisogeza mbele kwenye viti vyao. Mheshimiwa alifuta jasho, akapiga meza kwa kiganja.

"Tano. Bei ya mwisho. Chini ya tano sishuki hata aje mama yangu mzazi."

Bi Mwanaheri aliitazama ile tano. Kwa tano, mbegu zingebaki kwenye changarawe mpaka baada ya mavuno ya mahindi ambayo hayakupandwa. Kwa mbali, upande wa kusini, ngurumo ilisikika. Akafunga mkoba wake taratibu.

"Sawa, Mheshimiwa. Nilipita Wizara ya Barabara nikaambiwa wao wananipa mbili, na wananiwekea na alama za pembeni. Nilisema ngoja kwanza nije kwako, kwa kuwa tumezoeana."

"Wizara ya Barabara?" Mheshimiwa alisimama. "Unaacha kilomita za hapa unakwenda kununua za wale? Kilomita zao zimechakaa, Mama. Zina mashimo. Utazitumia msimu mmoja, zitakuharibikia."

"Lakini ni mbili."

"Dakta, andika moja."

Dakta akaandika moja.

"Wale nao hawakusema kama mbili ndiyo mwisho wao," Bi Mwanaheri alisema, akiinuka.

"Andika sifuri," Mheshimiwa aliamuru. "Andika sifuri, tusigombane na mteja. Tena, Mama, kwa ajili yako naweza kushuka hadi kumi chini ya sifuri."

Dakta Fikirini alitoa sauti kama ya birika. Bi Mwanaheri aliinamisha kichwa kwa adabu.

"Sifuri yatosha, Mheshimiwa. Tusidhulumiane."

Kisanduku kikageuka kijani cha namna ambayo haikuwa imepata kuonekana. Katibu Mkuu alilia. Ilitangazwa kwamba wilaya ya kwanza katika historia ya dunia imefikishwa karibu na mali yake kiasi kwamba hakuna cha kupita katikati, na kwamba Mheshimiwa Waziri atazindua mwenyewe upandaji wa Ngurumbe.

*

Bwana Pazi aliisoma nakala ya Jedwali jipya kwa uangalifu, mstari kwa mstari, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa.

"Umbali kati ya mzigo huu na mnakokwenda," alisema, "ni sifuri."

"Ndivyo ilivyo," Bi Mwanaheri alijibu.

"Basi hamwendi popote."

"Hatuendi popote, Bwana Pazi."

"Asiyekwenda popote hahitaji kibali." Akajisogeza pembeni, akawasaidia hata kufunga kamba. Punda wa mwisho alipopita, alinyanyua mkono. "Safari njema," alisema; kisha uaminifu ukamrudia, akasahihisha: "Nisameheni. Kaeni salama."

Wakakaa salama hivyo, kilomita mia moja na tisini na kitu, kwa kupanda mlima, wakipishana kusukuma punda, wakizitazama juu mvua zilizokuwa zikijikusanya. Mzee Ngoda alisema njiani kwamba hajapata kuchoka namna ile kwa kukaa mahali pamoja.

Walifika alfajiri. Hawakupumzika. Magunia yalifunguliwa kwenye mipaka ya mashamba, na kila aliyekuwa na jembe akashika mstari wake, Bi Mwanaheri naye akafunga kanga kiunoni akashika wake. Mtu mmoja alikuwa ametundika redio kwenye tawi la mpera, na kutoka redioni ikaja sauti ya Mheshimiwa Makorongo, akizindua upandaji. Asubuhi hiyo alikuwa ameingia katika gari lake lenye bendera ya sikukuu, nalo, kwa amri ya Jedwali, lilikuwa limepewa mafuta ya kufika Ngurumbe. Aliketi nyuma wakati uliompasa mtu wa cheo chake, katika uwanja wa Wizara, kisha dereva akamfungulia mlango.

"Ndugu wananchi wa Ngurumbe," ilisema redio, "nina furaha isiyo kifani kusimama hapa mbele yenu. Nawaona mlivyojaa. Nauona mlima wenu."

Mzee Ngoda alinyoosha mgongo. Akatazama nyuma yake, akatazama barabara iliyokuwa tupu mpaka kwenye kona ya mwisho.

"Mama, Mheshimiwa yuko wapi?"

"Yuko hapa, Mzee."

"Hapa kwetu?"

"Hapa hapa. Hakuna umbali."

"Basi si vizuri tusimkaribishe."

"Mkaribishe, ila usiuache mstari. Tone limeniangukia shingoni."

Mzee Ngoda alivua kofia, akauinamia upepo uliokuwa ukipita kwenye tuta la jirani. "Karibu, Mheshimiwa," alisema, "na utusamehe, mikono yetu ina udongo." Kisha akavaa kofia, akadondosha punje tatu kwenye shimo, na akalifukia kwa kisigino.